Jembe linajua una miguu mingapi

Niseme ukweli tu, siku niliyoelewa kwamba nalima vibaya haikuwa ile niliyoumia, ilikuwa kama mwaka mmoja na nusu baadaye, mvua imepiga usiku kucha na asubuhi mi huyo nimeingia shambani na mguu wangu wa bandia mpyaa kuangalia miche ya nyanya kama imelala. Nikakanyaga katikati ya mistari, ule udongo wa mfinyanzi unaonata kama gundi, mguu ukazama mpaka juu ya kifundo. Nikavuta ukagoma, nikavuta tena kwa hasira, na hapo kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, kikachomoka kwenye soketi, lile kombe la mguu wa bandia kinamoingia, kama kizibo cha chupa, mi chali, mguu umebaki pale umesimama wima peke yake katikati ya nyanya umevaa gambuti. Nilicheka kwanza. Halafu nikaangalia umbali wa kutoka pale mpaka njiani, kama mita 30 hivi, magongo nimeyaacha nyumbani maana siku hizo nlikuwa naona aibu kuonekana nayo, simu iko kwenye koti na koti nimelitundika mtini. Kicheko kikakata.

Nikajivuta kwa makalio mpaka kwenye mguu. Nikagundua kumbe tope ukilivutia juu linazidi kunyonya, inabidi uulaze mguu huku na huku na uchimbe pembeni kwa vidole hewa iingie chini, ndo linaachia lenyewe. Basi nikauchomoa, nikaufuta na shati, nikauvaa, nikarudi nyumbani taratibu nikijiona mjanja. Sikuona chembe mbili tatu za mchanga zilizobaki ndani ya laina, ile soksi nene ya silikoni inayokaa kati ya ngozi na soketi. Jioni nikavua nikakuta alama nyekundu ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, nikasema itapoa. Haikupoa, ikawa lengelenge, lengelenge likapasuka, na fundi wa viungo bandia akanipiga marufuku kuvaa mguu mpaka ngozi mpya ifunge. Wiki tatu na siku zake. Na hizo wiki tatu ndo zilikuwa za kufunga nyanya kwenye nguzo na kupulizia dawa ya ukungu, kwa iyo unaweza kukisia msimu uliishaje. Shafti ya trekta ilinichukulia mguu, ila msimu niliibiwa na punje ya mchanga.

Najua watu huwa wanataka habari ya ajali, naisema kwa kifupi niendelee na mambo. Ni ile shafti inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha mashine. Kava lake lilikuwa limepasuka muda mrefu na wote tulikuwa tunalijua na wote tulikuwa tunaliruka. Mwendo wake wa kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde, ukitamka "moja" imeshakuzungusha mara tisa, hamna cha kuwahi kuruka wala kupiga kelele. Ilishika suruali. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Kama unayo mashine ya hivyo na kava limepasuka acha kusoma hapa nenda kalifunge kwanza, ntakusubiri.

Goti langu lilipona na madaktari walipambana wakaliacha, na hilo nashukuru mpaka kesho maana mwenye goti lake na asiye nalo ni watu wawili tofauti kabisa kwenye shamba. Goti ndo linakupandisha mteremko, ndo linakusimamisha ukianguka. Kwa iyo nikiongea hapa naongea kama mtu mwenye goti, mwenzangu aliyekatwa juu ya goti ana mambo mengine mazito zaidi na sitaki kujifanya nayajua.

Sasa kuna msemo watu walikuwa wananiambia pale mwanzo, "jembe halibagui, ni moyo tu". Walikuwa wanataka kunipa nguvu, siwalaumu. Ila jembe linabagua bana. Jembe linajua una miguu mingapi. Angalia mtu akilima, usiangalie mikono, angalia miguu. Anatanguliza mmoja, anainama, jembe likishuka uzito wote unahamia mguu wa mbele, kifundo kinapinda, likipanda uzito unarudi nyuma. Kifundo kinafanya kazi kuliko mkono. Cha kwangu cha bandia hakipindi hivyo, kina mpira ndani unabonyea kidogo basi. Kwa iyo lile pindo ambalo kifundo hakifanyi lazima mwili ulitafute sehemu nyingine, na kwangu lililipwa na kiuno. Kiuno changu ndo kikawa kifundo cha mguu, kila jembe linaposhuka. Nikalima hivyo mwaka mzima. Na kwa sababu nlikuwa nataka watu waone, nlikuwa nalima upande wa barabarani kwanza.

Huo mwaka mi nauita mwaka wa kuonyesha. Nlikuwa nabeba ndoo mbili za maji mpaka bustanini, lita 20 kila moja. Nlikuwa nabeba bomba la dawa mgongoni, lita 16, hizo ni kilo 16 za maji peke yake bado bomba lenyewe. Mtu akiniambia "acha nikusaidie" nilikuwa namjibu vibaya, kuna siku nilimjibu shemeji yangu mbele ya watoto wake mpaka leo nikikumbuka nasikia vibaya. Halafu usiku siwezi kulala. Sio kwa kidonda tu, ule mguu usiokuwepo ndo ulikuwa unauma, vidole ambavyo havipo vinajikunja kama vimefinywa na mlango. Kwa wasiojua, hayo sio mawazo wala wazimu, ubongo bado una ramani ya mguu na unaendelea kuuita. Nilifundishwa kuweka kioo kirefu katikati ya miguu, naangalia mguu mzima ndani ya kioo kama vile ni ule wa kushoto, nakunja vidole na kukunjua polepole. Mara ya kwanza nilijiona mjinga. Mara ya tano au ya sita vile vidole visivyokuwepo vikakunjuka. Kwa wengine haifanyi kazi, kwangu inafanya kazi nusu ya siku, na nilichokigundua ni kwamba siku niliyobeba mizigo kupita kiasi hata kioo hakisaidii.

Kilichonivunja mwaka wa kuonyesha hakikuwa kidonda, ni bega. Nilianza kushindwa kuinua mkono wa kulia kuvaa shati. Nikaenda kwa mtu wa fiziotherapia nikidhani atanipa dawa ya kuchua, akaniuliza unatembea na nini mguu ukiwa na kidonda, nikasema magongo. Akaniambia nionyeshe. Nikasimama nayo, akaangalia sekunde kumi, akasema unaning'inia kwa makwapa. Kumbe magongo uzito unatakiwa ukae kwenye viganja, juu pale kati ya kwapa na gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, kiwiko kiwe kimepinda kidogo. Ukining'inia kwa kwapa unakandamiza mishipa ya fahamu na mkono unaweza kufa ganzi. Mi nlikuwa nimeyarefusha nionekane mrefu! Halafu akasema neno ambalo ndo limenibadilishia kilimo chote, akasema mguu umeshaenda, haya mabega saivi ndo miguu yako, na mwendo unaoenda nao unayamaliza kabla ya miaka mitano. Sasa utatembelea nini?

Nilirudi nyumbani nikakaa chini ya ule mti wa koti, nikaliangalia shamba kama mtu anayeliangalia kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limepangwa kwa ajili ya mtu mwingine. Maji yako chini bustani iko juu. Mistari imebanana mtu apite kwa kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine, na hicho ndo kitu kigumu kuliko vyote kwa mwenye mguu wa bandia, tunahitaji kutanua miguu. Stoo ya jembe na mbolea iko upande wa pili kabisa, yaani nikisahau kamba narudi mita 150 kwenda, 150 kuja, na kila hatua yangu mwili unailipia zaidi kuliko hatua yako, hata ukitembea na mguu mzuri kiasi gani. Aliyepanga hivyo ni mimi mwenyewe, nikiwa na miguu miwili.

Maji ndo nilianza nayo, maana ndoo ndo zilikuwa adui mkubwa. Kuna kitu fundi wa viungo hakuniuliza na mi sikumwambia: ule mguu, hasa wayo, unachaguliwa kwa uzito wa mtu na kazi zake. Mi nilipandishwa kwenye mizani nimevaa bukta, uzito ukaandikwa. Hakuna aliyeandika kwamba huyu mtu asubuhi na jioni anaongezeka kilo 40. Wayo ulipasuka ndani, nikawa nasikia unalia kla, kla, nikidhani ni nati. Kwa iyo wewe unayekwenda kupimwa, sema kila kitu, sema unabeba nini, unapita kwenye maji au la, unachuchumaa au unapiga magoti, unavaa kiatu gani. Usiseme tu "mi mkulima" ukanyamaza. Kuna wayo wa mpira unaitwa Jaipur, ulitengenezwa India mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi, kwa sababu hiyo hiyo: wagonjwa walikuwa wanapewa miguu ya kuvalia viatu wakati wao ni watu wa kwenda peku, kukaa chini, kuingia kwenye shamba lenye maji. Wakatengeneza wa mpira usioogopa maji na unaopinda ukichuchumaa. Nilipoijua habari hiyo nilijisikia vizuri kwa namna ya ajabu, kwamba kuna mtu mahali aliwahi kukaa akafikiria tope.

Turudi kwenye maji. Niliweka pipa juu ya jukwaa la mbao, mita moja tu kutoka ardhini, na mipira ya matone ikashuka kwenye mistari. Mita moja inatosha kwa bustani ndogo, presha ni ndogo sana lakini matone ndo yanachotaka hicho. Pampu ndogo inajaza pipa. Usidanganywe kwamba ukishaweka umemaliza, vitundu vinaziba, chujio linataka kuoshwa kila baada ya siku chache, na ukisahau mwisho wa mpira uchafu unajikusanya pale, unaufungua maji yatoke mpaka yawe meupe. Ila kazi hiyo naifanya nimekaa. Na hilo likawa kipimo changu cha kila kitu, hii kazi naweza kuifanya nimekaa? Kama siwezi, inaweza kugeuzwa niifanye nimekaa? Kama haigeuki, ni ya mtu mwingine, na huyo mtu namlipa au nabadilishana naye kazi.

Kigoda. Jamani kigoda. Sijui kwa nini ilinichukua miaka miwili kukubali kigoda, nadhani ni kwa sababu anayepalilia amekaa anaonekana mvivu. Cha kwanza kilikuwa na miguu minne kikazama, kimoja baada ya kingine, nikaanguka nacho. Cha pili nikapigilia ubao mpana chini, ukubwa kama wa sinia, hicho hakizami. Nimefunga kamba kwenye ubao na kamba kiunoni, nikisogea kinanifuata kama mbwa. Magongo nayo nimeyafanyia hivyohivyo, kwenye tope navalisha chini vipande vya mpira vya duara, mapana kama kiganja kilichofunguliwa. Vya kawaida vile vidogo ni vya sakafu ya hospitali, kwenye udongo uliolimwa vinaingia kama unapanda mahindi.

Matuta nayo niliyavunja nikayapanga upya. Tuta unalolifikia pande zote mbili lisizidi sentimita 120 upana, maana mkono wa mtu akiwa amekaa unafika kama 60 bila kujinyoosha mpaka mgongo ulie, na lile lililo ukutani upana ni 60 basi. Njia za katikati nimezipanua toroli ipite na nimezimwagia matandazo mazito, majani makavu, maganda, chochote. Hapo nlikuwa nafikiria tope tu, lakini faida kubwa ikaja kwingine, magugu yakapungua sana na unyevu ukakaa, palizi ambayo nlikuwa naifanya mara nne nikaifanya mara mbili. Toroli ya gurudumu moja niligawa. Ile kitu inataka usawa wa mwili, ikiyumba kushoto nami nayumba kushoto na kushoto kwangu hakuna mtu wa kunishika. Ya magurudumu mawili inasimama yenyewe hata ukiiachia ukajikuna.

Eneo nililima nusu ya nililokuwa nalima. Hapo ndo palikuwa pagumu kuliko kukatwa mguu, nisikudanganye. Nusu ya juu yenye mteremko niliacha majani yaote, nakata kwa ajili ya mbuzi.

Halafu mambo ya ngozi, hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wanaongea zana wanasahau ngozi. Kigutu kinabadilika ndani ya siku moja. Asubuhi kimejaa, mchana kimepungua kwa kutembea na joto, soketi inaanza kucheza, na ikicheza inasugua. Kwa iyo natembea na mfuko wa nailoni una soksi mbili tatu nyembamba, ikifika saa tano au saa sita nakaa kivulini, navua, nafuta jasho, naacha ngozi ipate hewa, naongeza soksi moja, navaa. Mara ya kwanza kufanya hivyo mbele ya vibarua niliona aibu kama navua nguo, saivi tunapiga stori huku mguu uko pembeni unakauka. Nikivua naangalia wekundu. Fundi alinifundisha hivi, wekundu ukiisha baada ya dakika 10 hivi ni kawaida, ukibaki ujue hapo panaonewa, usirudishe mguu ukasema ntavumilia. Nyuma ya kigutu sioni, natumia kioo kidogo cha kunyolea. Na siku ya kupulizia dawa sivai mguu nikiwa na mchubuko hata mdogo, maana ngozi iliyochubuka inanyonya sumu kirahisi, na soksi iliyorukiwa na dawa ukiendelea kuivaa ni kama umejifunga kitambaa cha sumu kutwa nzima. Saivi kupulizia sifanyi kabisa, nachanganya dawa kwa vipimo, kijana anapuliza. Kuchanganya ndo kunataka akili, na akili haikukatwa.

Nina rafiki yangu mmoja yeye aliumia uti wa mgongo, anatumia kiti cha magurudumu, anafuga kuku na ana kitalu cha miche. Tunapokaa pamoja tunabishana nani ana shida kubwa kama wazee wanaobishana mpira. Alichonifundisha ni kwamba ulemavu sio kitu kimoja. Mi nikiumia nasikia. Yeye miguu haisikii, aliwahi kukaa kwenye kipande cha bati kilichochomwa na jua akaungua paja na hakujua mpaka alipohamishwa jioni. Mwili wake pia hautoi jasho chini ya pale palipoumia, na pake pameumia juu, kwa iyo joto linamkalia ndani, jua likiwa kali anajinyunyizia maji kwa chupa kama anavyonyunyizia miche, tunamtania kwamba siku moja atachipua. Kila baada ya dakika kadhaa anajiinua kwa mikono kwenye kiti ili makalio yapate damu, hata tukiwa tunaongea na wateja, wengine hudhani anataka kusimama. Kiti cha kawaida kwenye udongo hakiendi, yale magurudumu madogo ya mbele yanazama. Yeye amefungiwa gurudumu moja kubwa mbele linaloyanyanyua yale madogo, na vijia vyake vya kitalu vimeshindiliwa kokoto na udongo mpaka vikawa kama saruji. Meza zake za miche ziko wazi chini, magoti yanaingia. Kitu cha ajabu, wafanyakazi wake wenye miguu yote wanazipenda zile meza kuliko yeye, maana hakuna anayeinama.

Watu sasa. Kuna wa aina mbili wanaochosha na hawajui wanachosha. Wa kwanza anakunyang'anya kazi mkononi, "kaa tu, kaa tu pumzika", na hujachoka. Wa pili anakusifia kwa kila kitu, umeamka asubuhi unasifiwa, umepanda mchicha unaitwa shujaa. Huyu wa pili ukija kwenye mauzo anakupa bei ya huruma, ya chini, akidhani utaogopa kurudi na mzigo. Mi saivi nauza nimekaa kwenye kiti kirefu na magongo nimeyaweka nyuma, sio aibu tena, ni biashara, nataka aangalie nyanya.

Na ofisi zetu hizi. Niliwahi kuitwa kwenye semina ya wakulima wenye ulemavu, ikafanyika ghorofa ya pili, lifti hakuna. Rafiki yangu wa kiti akabebwa mzobemzobe na vijana wawili kama gunia, halafu tukafundishwa haki zetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 wa watu wenye ulemavu, kifungu cha 27, haki ya kufanya kazi. Tukapewa na daftari. Sijaudharau mkataba, umeandikwa vizuri, tatizo ngazi hazijausoma. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye ulemavu ni kama bilioni 1.3, mmoja kati ya kila watu sita, sasa wakulima wangapi wamo humo na nani anawatengenezea zana? Marekani kuna programu inaitwa AgrAbility, ilitokana na sheria ya kilimo ya 1990, mtaalamu anakuja shambani kwako anaangalia kazi unazofanya na mwili ulio nao, mnapanga pamoja. Hicho kipengele cha kuja shambani ndo ninachokitamani mi. Hakuna anayeweza kunishauri akiwa ghorofa ya pili.

Kuomba msaada pia nimejifunza, na nimejifunza vibaya, kwa kuchelewa. Mwanzo nlikuwa siombi, halafu nikawa naomba kwa kunung'unika. Saivi tunabadilishana. Jirani yangu ananilimia yale ya jembe zito, mi namkuzia miche yake yote ya msimu kwenye kitalu, namfungia na kumpogolea nyanya, na bomba lake likiharibika nalitengeneza. Kazi za vidole na macho ni zangu, za mgongo ni zake. Sasa yeye akisafiri mi ndo nahangaika, naye miche ikikosekana anahangaika, tumefungana. Shemeji niliyemjibu vibaya ndo anashika hesabu, bado hajanisamehe vizuri ila anakuja kila Jumamosi.

Mwezi uliopita mama mmoja alimleta kijana wake. Amekatwa mguu kama wangu, chini ya goti, wa kulia, mguu wa bandia bado unang'aa. Mama akaniambia pembeni, mwanangu hataki kusikia ushauri wa mtu, we kaa naye tu. Nikamkaribisha, nikamwonyesha pipa, matuta, mipira, anaitikia "ndio, shikamoo, ndio" kwa adabu lakini macho yako kwenye majembe yaliyoegemea ukutani. Nikamwambia chukua basi. Akachagua zito kuliko yote. Nikamwonyesha kipande kilichobaki hakijalimwa, cha upande wa barabarani, akaanza kulima kwa fujo, vumbi juu, kiuno kinakwenda pale ambapo kifundo kingekwenda, nikawa naona mwili wangu mwenyewe. Mama yake ananiangalia kama ananiuliza mbona humkatazi. Sikumkataza. Mistari minne alilima, kwenye wa tano akasimama akashika jembe kama fimbo, akawa anahema, anageuza uso nisiuone.

Mi nikasema naenda kufunga maji. Maji nlikuwa nimeshafunga. Nikaenda nikazungukazunguka kule kwenye pipa, nikaosha chujio lililokuwa safi, nikakaa kama robo saa. Niliporudi jembe limelala chini, kigoda changu hakipo nilipokiacha, na kijana amenipa mgongo, amekaa kwenye tuta la hoho, anang'oa magugu na mizizi yake moja moja anayapanga pembeni.